Koti la Mzee Ongeri

Mellen Nyabate,
Nyumba za Chini, karibu na kiwanda cha chai,
S.L.P. 1173, Kericho.
Jumapili, 9 Novemba 2025

Sagini, wamekataa kuja! Watu wa Ongeri wanasema hawaleti ng'ombe na Gesare wangu hawamtaki, kwa sababu ameokoa maisha ya mzee wao. Rudia kusoma ukitaka. Sijakosea kuandika.

Haya, sasa nikusalimu. Mpendwa ndugu yangu, hujambo huko Doha? Jua la huko limepunguza ukali? Na ule mgongo wako, bado unasumbua ukisimama zamu ndefu getini? Sisi tuko wazima. Mvua imetuzidi, viatu havikauki, na Baba Gesare anakohoa lakini amekataa kuvaa soksi kama kawaida yake. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu nitapaza sauti, na kuta za nyumba hizi unazijua. Celine anarudi huko kazini wiki hii, atakupa barua mkononi.

Wacha kwanza nijisifu, maana mwezi huu hakuna mwingine wa kunisifu. Wewe unajua nilichuma chai mpaka vidole vikawa vyeusi, mashine zikaja, nikageukia kuuza mboga, na Gesare hakukosa shule. Leo nikipita sokoni naitwa Mama Daktari. Yeye hukataa, husema, "Mama, mimi ni afisa wa kliniki." Lakini mtu aliyeletwa amebebwa kwa blanketi haulizi cheti. Chumba cha dharura kikimwona kinaingiwa na amani. Mimi nimeambiwa hivyo na watu, sijatunga.

Sasa sikia yaliyotokea. Mengine alinieleza Gesare akiwa ameketi hapa jikoni, mengine nimeyasikia kwa mama yake Isaiah, mchumba wake, huyo Nyatichi, kabla hajaacha kunisalimia.

Ilikuwa Jumatano moja mwezi uliopita, mchana, mvua kubwa. Mzee Ongeri aliletwa kutoka Sigowet amelegea kama nguo iliyoloweshwa. Jasho linamtiririka ilhali ni baridi, mate hayakatiki, anatapika, kifua kinakoroma. Waliompokea walidhani ni pumu, wakaanza dawa ya pumu, haikusaidia. Gesare akaja. Alimjua mara moja kwamba ni baba mkwe wake wa kesho. Unajua chinsoni yetu, Sagini, ile heshima ya mke wa mtoto na baba mkwe. Gesare hata mkono alikuwa hajawahi kumpa huyo mzee. Wakikutana njiani yeye huingia pembeni.

Akammulika macho. Anasema mboni zilikuwa zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Hapo akajua ni sumu, ile ya kuua wadudu. Akampigia daktari mkubwa, wakakubaliana, akaanza kumdunga dawa ya kuikata. Akamuuliza Nyatichi mzee amekunywa nini.

Wewe! Nyatichi aliruka. "Mume wangu hajanywa sumu! Unataka watu waseme alijiua? Ndiyo unaanza kutuharibia jina hata hujaolewa?"

Ukweli, Sagini, hakuwa amekunywa kitu. Lakini aibu ya neno hilo ilimfunga mdomo mama wa watu, hakusema lingine. Hakusema kwamba asubuhi mzee alikuwa amebeba bomba mgongoni akipulizia ng'ombe dawa ya kupe.

Dawa ya Gesare ikafanya kazi. Kifua kikafunguka, mate yakakauka, mzee akafumbua macho. Nyatichi akasema, "Mnaona? Ni maombi." Baada ya muda mfupi, jasho lile lile, mate yale yale. Gesare akaongeza dawa, mzee akapata nafuu, akazama tena. Mara ya tatu Gesare akasimama akajiuliza: hii sumu inaingilia wapi, na mtu hali wala hanywi?

Ndipo akaangalia blanketi. Juu ya blanketi kulikuwa na koti.

Unalijua hilo koti. Lile zito la kijivu, alilovaa siku ya ziara ya kwanza ya posa, kuja kuuliza nyumba yetu iko wapi, akaketi nalo mpaka chai ikaisha. Ndilo alilokuwa amevaa akipulizia ng'ombe. Bomba lilikuwa linavuja mgongoni, koti likanywa dawa kama godoro, na yeye akashinda nalo akikata nyasi. Hospitalini walipomvua, Nyatichi aliliokota akamfunika nalo tena, kwa sababu sisi huku hatumwachi mgonjwa apigwe na baridi ya hospitali. Kila mara manesi wakilitoa, yeye analirudisha. Huo ulikuwa upendo, sitamlaumu kwa hilo. Gesare alikuwa anatoa sumu kwa sindano, na mke anairudisha kwa koti.

Akaliinua, akanusa, likanuka dawa ya kupe kama josho la ng'ombe. Shati la ndani lilikuwa limelowa vilevile. Nyatichi naye, aliyekuwa amemkumbatia mzee nalo njia nzima kwenye gari, alikuwa ameanza kutoka jasho na kichwa kinamzunguka. Gesare akamwondoa, akampeleka aoge na kuangaliwa kwa chumba kingine.

Sasa nani atamvua mzee na kumwosha? Joab, muuguzi mwanamume wa zamu, alikuwa ameondoka na ambulensi. Isaiah alikuwa bado njiani kutoka Nakuru. Alibaki Gesare na msichana mmoja mwanafunzi. Na mzee ameanza kuwa wa buluu mdomoni.

Gesare alivuta pazia. Akavaa glavu na aproni. Akamvua kila kitu, akamwosha kwa sabuni kutoka kichwani, kwenye nywele, mgongo wote, mpaka katikati ya vidole vya miguu, huku yule msichana akishika mpira wa hewa na kuongeza dawa. Nilipomuuliza alikuwa anawaza nini, alisema, "Nilikuwa nahesabu pumzi zake, Mama. Sikuwa na nafasi ya kuwaza kingine." Walimaliza dawa ya chumba kizima, wakatuma nyingine duka la hospitali. Kuna wakati pumzi ilikatika kabisa, wakampulizia mpaka ikarudi. Jioni mzee akauliza kama ng'ombe wamekamuliwa.

Hilo ndilo kosa la mwanangu.

Kwa wiki moja walimshukuru. Halafu ndugu za mzee wakakaa, wakaambiana kwamba mkaza mwana ameuona uchi wa baba mkwe, amemshika mwili mzima, hawezi tena kumpikia wala kukanyaga boma lake. Wametuma neno: tupeleke mbuzi Sigowet, Gesare apige magoti akiri kosa, asafishwe, ndipo wafikirie kama wataleta ng'ombe. Wafikirie!

Isaiah alikuja Alhamisi, amejikunja mlangoni kama mtu wa kuomba kazi.

"Mama, mimi nampenda Gesare. Ni mzee tu. Anasema atamtazamaje usoni."

"Amtazame na yale macho aliyorudishiwa," nikamwambia.

"Ni mila, Mama."

"Mila ilikuwa imeketi wapi siku anatoka mate? Mbona haikuvaa glavu?"

Halafu, Sagini, ndugu yangu, unajua aliuliza nini? Aliuliza kama hospitali inaweza kurudisha koti la baba yake, kwa kuwa mzee analiulizia! Nikamwambia lilichomwa, na moshi wake ulinuka. Baba Gesare akaniambia nipunguze sauti. Sikupunguza.

Nilikuwa karibu kukubali ile habari ya mbuzi. Nakwambia wewe, sijamwambia mtu. Msichana ana miaka thelathini na moja, anampenda huyo kijana, na mbuzi si kitu. Nilimnunua, hata. Gesare aliporudi kutoka zamu akamkuta amefungwa nyuma ya nyumba, akajua. Hakukasirika. Aliketi, akavua viatu, akasema, "Mama, nikipeleka huyo mbuzi, nitakuwa nimesema kwamba nilikosea. Na siku nyingine akiletwa mzee wa mtu, mikono yangu itasita kwanza. Kusita kidogo tu kunatosha mtu kufa." Halafu ndipo akalia, kitu ambacho hakufanya siku ile yote. Analia usiku pia, akidhani sisikii. Anataka niwapigie watu wote niwaambie sherehe haipo.

Leo asubuhi ndiyo imenimaliza. Makanisa yetu yalikutana, Mzee Ongeri akasimama kutoa ushuhuda, koti jipya, sauti imejaa. Akasema mkono wa Bwana ulimgusa akiwa mlangoni mwa kaburi. Watu wakapiga makofi. Hakutaja jina la mtu. Gesare alikuwa kiti cha pili nyuma yake, akapiga makofi pia. Mimi sikupiga. Mungu namheshimu na najua alikuwepo, lakini mkono wenyewe ulikuwa na glavu, na ulikuwa wa mtoto wangu.

Kwa hiyo sikiliza neno langu. Wewe ni mjomba wake, na likizo ulishaomba. Usiirudishe. Mbuzi bado yuko hapa nyuma anakula maganda ya ndizi, na Sigowet haendi ng'o. Atachinjwa hapa kwangu siku ile ile waliyopaswa kuja, na watu watakula kwa sababu Gesare ni Gesare. Mahema nimeshaweka nafasi. Isaiah nimemwambia mlango utakuwa wazi, aje na baba yake, aje peke yake, au asije. Kiti chake nitakiweka. Sitakilinda.

Ukipiga simu kwako nyumbani, nisalimie mkeo Drusilla na watoto, umwambie Drusilla lile sufuria lake kubwa nitalihitaji. Msalimie na Aluoch mnayekaa naye chumba kimoja. Baba Gesare anakusalimu, Gesare pia, ingawa hajui nimekuandikia. Mungu akufunike njiani, akushushe salama, na hasira yangu isikufikie ila kwa karatasi.

Ni mimi, dada yako anayekupenda hata akifoka, Mellen. Njooni wote, msiulize kama bado ipo. Ipo. Ni Jumamosi, tarehe ishirini Desemba.