Dawa Hazina Kazi Tena

Jumatatu, 9 Juni
Kidonge cha ini, chai, kazi. Baridi ya Uyole inakata masikio. Tumepakia viazi mpaka jioni, lumbesa tupu, magunia yamevimba vichwani. Mgongo umekufa. Kesho kliniki, majibu ya damu. Naogopa.

Jumanne, 10 Juni
Daktari ni dada mdogo, anaongea haraka. "Baba, una usugu wa dawa. Hizi ulizonazo hazina kazi tena. Subiri hapo nje nikuite." Mengine sikuyashika. Lori lilikuwa linangoja wapakiaji, nikaondoka.

Njiani nilicheka peke yangu. Usugu! Kwetu kazini kuitwa sugu ni sifa. Bega likishakuwa sugu, gunia haliumi. Miaka yote nameza, mwili umekomaa. Dawa zimemaliza kazi yake.

Nimempigia mke wangu nyumbani Ipogolo, nikamwambia nimepona. Amepiga vigelegele, amesema Jumapili atatoa shukrani kanisani.

Jumatano, 11 Juni
Sijameza. Raha.

Jumapili, 29 Juni
Sina nguvu. Nadhani ni baridi.

Jumatano, 2 Julai
Ugali unaninukia vibaya. Mkojo kama chai ya rangi. Nimebeba magunia machache, nikakaa chini.

Ijumaa, 4 Julai
Mwakipesile, tunayepakia naye, alinishika kidevu mbele ya watu. "Gwe Mhehe, macho yako yameiva kama ndizi!" Wakacheka. Yeye akawa wa kwanza kuacha kucheka. Akasema twende hospitali sasa hivi.

Nimekataa. Nimemwambia kesho. Ukweli ni hofu. Kaka yangu alianza hivi hivi, macho, kisha tumbo likajaa maji. Tulimzika akiwa amebaki tumbo na meno. Sitaki kufa Mbeya.

Jumamosi, 5 Julai
Mwakipesile hakuniuliza tena. Alinipakia kwenye bajaji kama kiroba.

Dada daktari alinitambua. "Ulikwenda wapi siku ile? Nimetoka na dawa mpya, benchi tupu. Tunapiga simu, haipatikani."
Nikamwambia niliacha dawa kwa sababu mimi ni sugu.
Akavuta kiti. "Baba, sugu siyo wewe. Sugu ni kirusi cha ini. Kimeizoea ile dawa, hakiiogopi tena."

Nimeuliza kama nimejiua. Amesema kirusi kiligeuka kabla sijaacha, ila kukaa bila dawa yoyote kumekiachia shamba. Nimeuliza kama nitapona. Hakusema ndiyo. Amesema tunaanza mpya leo, tuone ini litakavyoitika. Nimelazwa.

Jumapili, 6 Julai
Nimemwambia mke wangu. Huko walishaimba na kushukuru. Akauliza: "Umekula?" Nikasema hapana. "Nakuja na basi la kwanza. Na hiyo mpya usiiache hata akwambie malaika."
Nimelia. Jirani wa kitanda amejifanya amelala.

Jumatatu, 7 Julai
Wametoa damu tena. Najishikashika tumbo kila saa, kama linajaa. Sijui. Mwakipesile kaleta salamu za wenzangu, hakutania hata kidogo. Hilo limenitisha kuliko sindano.

Alhamisi, 10 Julai
Macho bado ya njano. Dada daktari anasema damu haijazidi kuharibika, haijapona pia. Mke wangu amelala ameegemea godoro langu, viatu hajavua. Leo nimekunywa uji nusu kikombe. Haujarudi.