Salamu Zisizokoma

Iringa, Jumatano

Eti na huyo naye ni mwalimu wa kompyuta! Tai imenyooka, kichwani hamna kitu.

Leo katuandikia programu ya kusalimiana. Kompyuta iulize, "Kamwene, habari za nyumbani?" Ukijibu "salama", iache kuuliza. Salamu za Kihehe ni ndefu, lakini hata bibi yangu kule Kalenga huwa anafika mwisho. Hii haikufika. Tukaandika salama, ikauliza tena. Salama. Ikauliza tena.

Nikanyoosha mkono. "Samahani mwalimu, hapo umeweka continue, ndiyo maana inarudi kuuliza upya. Ili itoke kwenye mzunguko, inatakiwa break."

"Binti, kaa chini. Kompyuta imechoka tu."

Akainama na tai yake, akachomoa waya ukutani. "Mnaona? Imeacha."

Na wenzangu wakapiga makofi! Makofi, jamani, kwa mtu aliyezima umeme.

Tatizo mtihani ni Ijumaa, na anayesahihisha ni yeye. Naogopa kufeli, sitaki kujidanganya. Mama atanielewa kweli?

Nitaandika break hivyo hivyo. Akinipa sifuri, basi na mimi anichomoe ukutani.