Kimya cha barazani kwa kina Leonard

Mama Neema wangu,

Kwa heshima na taadhima, nawatangazia nyote mliobaki Saint Paul kwamba baba yenu amekula mkate wa kukaanga mpana kuliko uso wake, na akaumaliza.

Tumefika kijijini kwa kina Leonard, yule Mwapache, wa wenyeji wa asili wa Marekani, ninayefanya naye kazi ghalani kule Eagan. Nyumba chache, farasi wanajitembeza barabarani, upepo hautulii. Hajarudi kwao tangu baba yake azikwe, na njia nzima alikuwa akiniuliza, "Mama atanipokea kweli?"

Mama yake alitoka, akatutazama, akaketi barazani. Hakuna karibu, hakuna pole na safari. Leonard naye akaketi, kimya. Unanijua, mke wangu! Nilihisi kama nimekanyaga siafu. Nikaanza: habari za hapa, farasi hawajambo, mvua je? Dada yake Leonard akanivuta jikoni huku akicheka. "Mgeni, unaongea kama redio! Huku mtu akirudi kutoka mbali hatumsemeshi kwanza. Mama anamtazama, aone kama bado ni yule yule."

Basi nikakanda unga, nikichungulia dirishani kama mwizi. Jua likielekea milimani, mama alinyoosha mkono, akampangusa Leonard vumbi begani, akasema neno kwa Kiapache. Leonard akainama, akalia.

Nawakumbatia wote. Ningependa kukwambia kwamba kwa busara zangu sikuuliza lile neno lilikuwa na maana gani. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshafungua mdomo, dada yake akanikanyaga mguu.

Baba Neema