Nimekula Mbuzi wa Kazi Nisiyoitaka

Mpendwa Bi Esha, naomba uniokoe kabla ya Jumatatu, maana mimi mtu mzima wa miaka arobaini na saba, mwenye kitambi na mvi, nimejitia taabuni kwa kuogopa kusema hapana. Zamani nilikuwa afisa wa mifugo, nikichanja ng'ombe kutoka Chara hadi Bura, kisha nikarudi chuo uzeeni, sasa nafundisha sayansi shule ya upili hapa karibu na Garsen, na tangu siku hiyo shemeji yangu Jibril, kaka mkubwa wa mke wangu Abdia, ananiita "mchunga watoto". Juzi akaja mbio: "Shemeji, nimekupatia kiti Hola! Ofisi ya mifugo, gari na dereva! Jumatatu unaanza! Chaki basi!" Nami nikajibu inshallah, kwani kwetu Waorma shemeji mkubwa hakatazwi usoni, nikidhani ataelewa, kumbe alisikia ndiyo, na kufika jioni ameshachinja mbuzi, wazee wanasoma dua, mimi nimekaa katikati nakula, tena ini, nililopewa kwa heshima.

Na kazi yenyewe siitaki, Bi Esha. Nilikuwa nikifundisha kidato cha tatu habari za bakteria, nikaleta vibuyu viwili vya maziwa, kimoja kimefukizwa moshi wa makaa kama wafanyavyo mama zetu, kingine kimesuuzwa tu, na hicho cha kusuuzwa kikanuka hadi mwalimu wa Kiingereza chumba cha pili akafunga madirisha. Nikajiona bingwa. Ndipo Sabdio, msichana wa Kiorma ambaye tangu kidato cha kwanza hajawahi kuinua mkono, akauliza: "Mwalimu, umejuaje ni moshi? Labda ni joto la makaa." Nikakohoa. Nikafuta ubao uliokuwa safi. Mwishowe nikasema sijui.

Mitchelle, Mpokomo, mtoto wa wakulima, anayekaa naye dawati moja, akadakia: "Nyinyi wa ng'ombe mna maneno! Basi tujaribu upya, tuongeze kibuyu cha tatu, tukipashe joto bila moshi."

"Kilete wewe, mla ndizi!" Sabdio akamrudishia.

Wakakileta pamoja, wakakipasha kwa mchanga wa moto, na maziwa yake yakaharibika baada ya yale ya kibuyu kilichosuuzwa, lakini kabla ya yale ya moshi. Darasa likalipuka kama tumefunga bao. "Vyote viwili, mwalimu! Joto na moshi!" Nikatoka nje kujifanya natafuta chaki, nikapangusa macho. Miaka yote ile ya kuchanja, hakuna ng'ombe aliyewahi kuniuliza swali.

Je, ni wazimu kuliacha gari? Na Jibril nimwambieje, na mbuzi wake yuko tumboni mwangu?

Mwalimu Asiyetaka Kujulikana, Garsen

Mwalimu,

Umeficha jina, ukataja mke, shemeji, darasa na kibuyu kinachonuka. Garsen nzima imeshakujua, pole.

Hukuniandikia kuomba ushauri, umekuja kujisifu, na haki unayo. Msichana aliyekuwa kimya miaka yote amesimama akakubishia kwa hoja, nawe hukumzima. Mtu aliyeonja hayo ananiuliza habari za gari?

Sasa nikugombeze. Unathubutu kusema "sijui" mbele ya darasa zima, lakini "sitaki" mbele ya mtu mmoja inakukwama kooni! Jibril hana kosa. Ametumia heshima yake kukuombea, na Jumatatu kiti kikikaa kitupu huko Hola, atakayeaibika ni yeye. Wala usimtume Abdia. Usimpasue mama wa watu kati ya mume na kaka yake.

Nenda leo baada ya alasiri, pamoja na mzee mmoja anayemheshimu. Mshukuru kwanza, kwa dhati. Kisha sema: "Shemeji, kazi ile siichukui. Mimi ni mwalimu." Inshallah usiitie hapo. Mbuzi mrudishie mwingine, mnene zaidi, na dua isomwe tena, safari hii kwa kazi uliyo nayo. Atanuna. Mwache anune, watu hununa wakapoa.

Ukimaliza usikae kujieleza, rudi ukaandae somo. Wasichana hao wakishaonja jibu moja hawatakuachia. Kesho watakuja na swali gumu zaidi, na wewe ndiwe mtu mzima pekee hapo Garsen atakayefurahi kutolijua jibu.

Bi Esha