Usiiwashe Ile Kompyuta ya Dukani

Bweni la Wapakiaji,
Nyuma ya ghala, chumba cha mwisho.
Jumapili, 14 Juni.
Mwaka wa tano tangu niwaage pale mlangoni.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Uhali gani, na Shemeji hajambo? Goti la Baba linaendeleaje, na macho yake je, yamebaki vilevile au yamezidi giza? Mimi ni mzima, ila mgongo unanidai kila asubuhi kabla sijavaa viatu. Kazi ni ileile ya kubeba, na chumba ni kilekile cha watu sita.

Dada, Jumatatu usiku nilipokupigia nikakwambia uzime kompyuta ya dukani hapo nyumbani na uchomoe waya ukutani, najua ulidhani nimepagawa. Kabla sijaeleza, simu ikakata. Nimejaribu tena, tunasikizana nusu nusu, na jambo hili halitaki nusu. Ndiyo maana nimekaa kuandika, dereva mmoja wa malori ya hapa ghalani atakuletea.

Unaijua ile diski iliyo ndani ya kompyuta yako, yenye sauti ya marehemu Mama. Ilikuwa na pacha wake. Ghala letu lilipobadilisha mashine zote, boksi lilibaki na diski mbili mpya. Fundi wetu wa kompyuta, mama mmoja tunayemwita Miwani, akanipa kwa kuwa nilimpandishia mashine ghorofani bila kudondosha hata moja. Ni hizi diski za kisasa, SSD, hazina kitu kinachozunguka ndani, nyepesi kama biskuti. Nikaweka sauti ya Mama kwenye zote mbili. Moja ikabaki kwenye kompyuta ya chumbani tunayotazamia mpira, isiyozimwa usiku wala mchana, nyingine akakuletea Shemeji. Nikajiona mjanja, kwamba moja ikifa nyingine ipo. Hata simu niliyomrekodia ilipopondwa na toroli la mizigo, sikusikitika.

Jumatatu asubuhi tulifika kazini malango hayafunguki. Mashine inayoyafungua imekufa. Muda kidogo ikafa ya kupokelea mizigo, kisha za ofisini, moja baada ya nyingine, kama kuku walioingiwa na kideri. Malori yalijipanga mpaka barabarani, honi zinalia. Sisi wapakiaji tukakaa juu ya magunia. Mwenzetu mmoja, jina lake la kazi ni Porojo, akasema mashine zina chama imara kuliko chetu, maana zimegoma siku moja bila hata kikao. Tulicheka mpaka msimamizi akatutazama vibaya.

Msimamizi huyo alimshukia Miwani kama mwewe. Alitaka kujua ni nani kazihujumu, nani kamwaga chai. Miwani alikuwa amekaa sakafuni katikati ya mashine zilizofunguliwa matumbo, uso umemsawajika.

"Hakuna aliyezigusa, bosi," akasema. "Zimejifunga zenyewe."

Akaeleza, na mimi nilikuwa karibu nasubiri kubeba. Ndani ya kila diski kuna programu ndogo iliyowekwa kiwandani, ndiyo inayoiongoza. Programu hiyo inahesabu saa zote ambazo diski imewashwa, kama mita ya lori la Shemeji inavyohesabu mwendo. Sasa aliyeiandika alikosea. Hesabu ikifika kikomo, badala ya kuendelea, diski inajifunga na haifunguki tena. Haijaungua, haijachakaa. Kiwanda kilishatoa programu iliyosahihishwa, na ingewekwa mapema zisingekufa, lakini tangazo halikumfikia Miwani. Na nakala za kazi ya ghala zima zilikuwa kwenye mashine nyingine yenye diski za aina ileile, iliyowashwa siku ileile. Walinzi wawili, usingizi mmoja.

Dada, nilikuwa bado nacheka. Nimerudi chumbani nakuta wenzangu wamekizunguka kioo cheusi, wananiuliza nani kaharibu kompyuta. Nikaichomoa ile diski, nikarudi nayo mbio mpaka kwa Miwani. Akaijaribu kwenye mashine moja, akaijaribu kwenye nyingine, kisha akaniuliza humo nilikuwa nimeweka nini. Nikamwambia, mama yangu.

Akanirudishia diski mkononi. Halafu akasema, "Bado yumo, mwanangu. Ila sina mlango wa kuingilia."

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba kompyuta yako haizimwi. Mchana inatoa kopi, usiku Baba analala akimsikiliza Mama. Kumbe pacha wa diski yangu alikuwa anahesabu nyumbani kwetu, na hakuna sauti nyingine ya Mama popote duniani! Kilichomwokoa ni lile lori la Shemeji lililoharibika njiani, akakaa wiki na wiki akingoja kipuri, nawe ukamtukana ukidhani ana mke mwingine. Muda wote huo diski ililala ndani ya begi lake, haihesabu kitu. Mwombe radhi mumeo.

Ila kabla simu haijakata nilimsikia Baba nyuma yako akiuliza, "Nani kamzima mke wangu?" Neno hilo nimebeba nalo magunia wiki nzima.

Basi msomee hapa. Baba, shikamoo. Ni mimi niliyeagiza, Dada hana kosa. Najua hupati usingizi bila kumsikia akikugombeza kwa viatu vyako mlangoni. Saa zilizobaki ni chache, na hakuna anayejua ni ngapi. Ukizitumia kumsikiliza, huenda usiku huo ukawa wa mwisho. Nakuomba umkose wiki hizi, usije ukamkosa siku zote.

Wewe Dada, usimpelekee yule fundi simu wa hapo mtaani. Ndiye aliyesafisha virusi akasafisha na picha zako za harusi. Miwani anasema kazi hii ina mpangilio wake. Kwanza sauti inahamishwa kwenye diski ya aina tofauti, ndipo ile ya zamani itiwe programu iliyosahihishwa, kwa sababu hiyo programu nayo inaweza kufuta kila kitu. Ukigeuza mpangilio umekwisha. Amenifanyisha mazoezi kwenye mashine mbovu mpaka vidole vyangu hivi vya kubebea mifuko vikazoea. Akaniambia pia kwamba diski hizi, hata zisizo na kosa, zikisahaulika kabatini miaka bila umeme nazo husahau. Mimi nilidhani kilichohifadhiwa kimehifadhiwa.

Nilipoomba ruhusa ya kuja nyumbani, msimamizi alikataa. Alisema ghala limeelemewa, na mama aliyekwisha kufa hana haraka. Nikamwambia baba aliye hai anayo. Alinitazama, akatia saini.

Nisalimie Shemeji, Shangazi na cherehani yake isiyopumzika, wajomba wote, na mama muuza mkaa wa mlango wa pili. Wanao waambie Mjomba anakuja. Mungu awalinde, na umeme wenu ukatike kadiri utakavyo.

Natarajia kufika Alhamisi, tarehe mbili Julai, kwa basi la asubuhi. Msije kunipokea kituoni. Nitaingia dukani moja kwa moja na begi mgongoni, lenye ile diski ya aina tofauti, na sitakunywa hata maji kabla sijaiwasha. Baba akitaka kuwepo, mwekee kiti karibu, umshike mkono.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kwa moyo wote,
Mabega