Orodha Ilihama, Skrini Ikabaki

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako maana silali wala sili. Mimi na kaka yangu tunaandika programu za kompyuta, yeye ndiye aliyenilea wazazi walipotangulia, na programu yake ndiyo inayoonyesha pumzi za wagonjwa kwenye skrini ya wodi, sasa wagonjwa wale wamo kwenye orodha inayorefuka kila anapolazwa mwingine, na nafasi ikijaa kompyuta huihamishia orodha nzima mahali pakubwa zaidi, hivyo aliyeshika anwani ya zamani anabaki anatazama nyumba ambayo wenyewe wamehama, ndiyo maana lugha ya kompyuta tunayoandikia programu hukataa kabisa kosa hilo, lakini kaka aliona inamchelewesha, akaiamuru imwachie, atalinda mwenyewe, na hakulinda. Wodi ikajaa, orodha ikahama, skrini ya mzee wa kitanda cha dirishani, ikiwa bado imeshika anwani ya zamani, ikaendelea kuonyesha pumzi nzuri na kengele haikulia, kumbe mzee ameshakata roho. Muuguzi wa zamu anafukuzwa kwa uzembe ilhali skrini ndiyo iliyomdanganya, na kasoro nimeiona kwa macho yangu. Nilipomwambia kaka alijibu polepole, "Mdogo wangu, ukisema hilo umenizika. Nani alikulea?" Nifanyeje, mshauri, na damu ni nzito kuliko maji?

Mdogo Mtu

Mdogo Mtu, pole. Kaka aliyekulea ni mzazi, na sikucheki kwa kulia. Ila usinichezee na methali. Damu ya yule mzee nayo si maji.

Kaka yako alikanywa na lugha yenyewe akaiziba mdomo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na hapa guu lililovunjika ni la mwingine. Wewe nawe unataka nikufundishe kusema bila kusema. Siwezi.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali uliposema skrini zile zimezimwa. Sijapaona. Inamaanisha bado zinatumika.

Basi weka gazeti chini. Mpigie muuguzi mkuu, mwambie skrini zisiaminiwe, wagonjwa waangaliwe kwa macho. Kisha mwambie kaka usoni kwamba unakwenda kumtetea yule muuguzi, na umwombe mwende pamoja. Akikataa, nenda peke yako, ukaonyeshe kasoro ilipo. Atakuchukia, pengine kwa miaka. Vumilia.

Uliniandikia mimi kwa sababu ulijua safu hii hutoka mara moja kwa wiki, ukajipatia siku za kungoja. Wodi hujaa siku yoyote.