Picha Zote Zimefika Lanet

Mzee Barasa,

Zimefika. Picha zote za eksirei, kuanzia zile ulizozitunza wewe mpaka za juzi, zimetoka kwenye seva yako kuukuu katika hospitali yetu ya zamani hapa Bondeni na sasa ziko Lanet, katika hospitali mpya. Natamani ungeniona leo nikipita koridoni, kifua mbele.

Tangu utuache tumepata meneja mwingine. Mtu mzuri, ila ana haraka. Alianza na, "Chebet, hamisha tu hizo picha, hiyo ni kazi ya wikendi." Nikajikuta nimeshajibu: "Boss, hapa hatuhamishi. Tunakopi." Akanitazama kana kwamba nimekataa kazi. Angejua wewe ndiye uliyelipiga neno "hamisha" marufuku ofisini. "Msichana yangu, mkokoteni ikianguka njiani na nyumba ulishabomoa, utalala wapi?" Kopi, linganisha, ndipo ufute. Siku hizo nilikuwa nacheka.

Basi stima ikapotea katikati ya kazi, na betri za akiba nazo zikazima. Meneja akashika kichwa. Daktari wa saratani alikuwa anazingojea picha za wagonjwa wake, kwani bila zile za zamani hawezi kujua kama uvimbe unakua au unapungua. Mimi nilikunywa chai. Picha zote zilikuwa bado Bondeni, hazijaguswa. Stima iliporudi, kazi ikaendelea pale ilipoishia. Kisha nikalinganisha faili kwa faili, na chache zilizofika zimekatika nikazituma upya.

Leo asubuhi niliitwa Lanet nisimame karibu, mitambo isije ikasumbua. Daktari akafungua picha ya mama mmoja wa Molo, ya zamani kando ya mpya. Akapima uvimbe katika zote mbili. "Mathe, hii kitu imepungua." Mama akafunika uso kwa leso. Mzee, kama si hospitali ningepiga vigelegele.

Ndipo nikarudi kuifuta seva yako. Lakini kwanza nilikutafuta kati ya picha zilizofika kule Lanet. Upo. Picha ya kifua chako, ile ya mwisho kabla ugonjwa haujakuchukua, imefika kamili. Sikuifungua, nisingeweza. Nilitaka tu kujua kwamba umefika. Halafu nikafuta.

Pumzika sasa, Mzee wangu. Nakuahidi, maadamu niko kwenye kazi hii, hakuna mgonjwa wako atakayepotea njiani.

Chebet wako